RNA ya VVU inavyofumuliwa na kusukwa upya kirusi kikikomaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamwene wote. Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wa Iringa na Mbeya, wanachuo wa maabara, na ndugu wanaohudhuria CTC (kliniki ya VVU) ambao wakishajua dawa inafanya nini hawaishii hapo, wanataka kujua na kirusi chenyewe ndani kikoje. Na wana haki ya kujua. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima ila Njombe ni 12.7, na Iringa na Mbeya zinafuata kwa karibu, kwa hiyo huku Nyanda za Juu Kusini hii sio mada ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu, ni ugonjwa ulioingia kila ukoo.

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la NC, protini ya kirusi inayoibadilisha RNA umbo, kwenye sehemu ya pili.

## Ya mwanzo kabisa

Kirusi kukomaa ndio nini? Si kikishatoka kwenye seli kimeshakamilika?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanaachwa. VVU inapochomoka kwenye seli ya CD4 (seli ya kinga ya mwili) inatoka mbichi. Ni kitu cha duara chenye upana wa nanomita mia na kidogo, ndani yake kuna protini ndefu inaitwa Gag, makadirio yanayotumika sana ni kama 2,400 kwa kirusi kimoja, zote zimepangwa kichwa kikiwa kwenye utando wa nje na mkia ukiangalia katikati, na ile mikia ndiyo imeishika RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi. Kirusi kikiwa hivyo hakiambukizi mtu.

Kukomaa ni kile kinachofuata muda mfupi baadae. Enzaimu ya kirusi chenyewe, protiezi, inaikatakata Gag vipande, vipande vinajipanga upya, katikati linajengeka ganda lenye umbo la koni linaloitwa kapsidi na RNA inajikusanya humo ndani. Vitabu vingi vya shule vikishachora hiyo koni vinaona kazi imeisha. Mimi naona wanaruka nusu ya habari, maana wakati ganda linabadilika nje, RNA nayo ndani inabadilishwa umbo, na bila hilo la pili mambo hayaendi.

RNA nayo ina umbo? Mi nilidhani ni uzi tu wa herufi.

Ni uzi wa herufi A, U, G na C, kwa VVU zipo kama 9,200 hivi, ila uzi huo haukai umenyooka. G inapenda kushikana na C, A na U, hata G na U wakati mwingine wanashikana, kwa hiyo RNA inajikunja yenyewe kwa yenyewe inatengeneza mashina na vitanzi kila mahali. Mwaka 2009 timu ya Kevin Weeks wa Chuo Kikuu cha North Carolina ilitoa ramani ya mikunjo ya RNA nzima ya VVU, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukiiangalia unaona kabisa kwamba mikunjo ile ina kazi.

Sehemu itakayotuhusu sana hapa ni ya mwanzoni mwa RNA, ndani ya herufi mia tatu na kitu za kwanza. Hapo kuna vitanzi vinavyoitwa SL1, SL2 na SL3. SL1 ndipo RNA moja inapokutana na mwenzake, na SL3 ni moja ya alama zinazoiambia Gag kwamba hii ndiyo RNA ya kubeba, ziko RNA nyingine chungu nzima ndani ya seli za binadamu lakini Gag inaitafuta hii.

Kwanini kirusi kimoja kinabeba nakala mbili?

VVU inabeba RNA mbili zilizoungana, kila moja ikiwa kamili. Faida kubwa ni kwamba kirusi kikiingia seli mpya kinapoandika DNA yake kwa kunakili RNA kinaweza kuruka kutoka nakala moja kwenda nyingine, kama nakala hii imekatika mahali kinaendelea na ile. Ubaya kwetu sisi ni kwamba kuruka huko ndiko kunachanganya virusi vya aina tofauti, nimelieleza kwenye swali la aina C, A na D.

Gag, NC, CA, p24, p7... mbona majina mengi hivi?

Gag ni protini moja ndefu kabla ya kukatwa. Ikikatwa inatoa MA inayobaki kwenye utando, CA inayojenga kapsidi, NC inayoshika RNA, na p6 ya mwishoni, katikati kuna viunganishi viwili vidogo SP1 na SP2. Namba ni uzito tu, p24 ndiyo hiyo hiyo CA na p7 ndiyo NC. Ukisikia maabara wanapima p24 ujue wanatafuta protini ya kapsidi. Basi.

## Kazi yenyewe

Nani hasa anaibadilisha RNA umbo?

Ni NC, kwa kirefu nukleokapsidi. Ni kaprotini kadogo sana, amino asidi 55 tu, lakini ndiyo inayofanya kazi yote nzito.

Fikiria msusi wa mabutu pale saluni. Nywele zimeshasukwa lakini zimesukwa hovyo, mistari haijakaa, hawezi kuongeza juu yake, inabidi afumue kwanza hapa na pale halafu asuke upya mpaka zikae. NC inafanya hivyo kwenye RNA. Ina chaji chanya nyingi na RNA ina chaji hasi, kwa hiyo inanata kirahisi, kisha inalegeza mashina yaliyojikunja vibaya au yaliyokunjika nusunusu, herufi zinaachia, zinapata nafasi ya kutafuta mwenza bora zaidi, zikishampata zinatulia. NC yenyewe haing'ang'anii sehemu moja, inashika inaachia, inashika inaachia, na kushika kwa muda mfupi huko ndiko kunafanya RNA isikwame kwenye umbo bovu. Protini za kazi hii wanasayansi wanaziita shaperoni za RNA.

Na ziko nyingi. Chukua zile Gag 2,400, kila moja inatoa NC moja, halafu RNA mbili za herufi 9,200 zinafanya 18,400. Gawanya, unapata NC moja kwa kila herufi saba au nane. Yaani RNA imefunikwa mwanzo mwisho, sio kwamba NC imegusa sehemu mbili tatu ikaondoka.

Vidole vya zinki ni vidole kweli?

Ni mikunjo miwili midogo ndani ya NC, kila mmoja umeshikilia chembe moja ya zinki katikati kwa kutumia sisteini tatu na histidini moja. Mikunjo hii ndiyo inayochagua pa kushika, inapenda sana herufi G iliyo wazi, hasa ikiwa kwenye kitanzi. Mwaka 1998 kundi la Michael Summers wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, lilionyesha NC ikiwa imeshikana na kitanzi cha SL3, na unaona vidole vile vimezikamata G za kitanzi moja moja.

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Watafiti walibadilisha zile sisteini na histidini ili mpangilio uwe tofauti kidogo, zinki ikaendelea kushikwa, virusi vikatoka na RNA yao ndani karibu kawaida, lakini havikuweza kuzaliana. Kwa hiyo kubeba RNA ni kazi moja na kuiweka RNA sawa ni kazi nyingine, na kirusi kinahitaji zote mbili.

Kabla haijakatwa, Gag yenyewe haiwezi kufanya hiyo kazi? NC si imo humo humo?

Inaweza, tena inaanza. Gag ikiwa nzima ndiyo inayoichagua RNA, inasaidia nakala mbili zikutane, na inasaidia tRNA ya lisini (RNA ndogo ya kubebea amino asidi) ambayo kirusi kinaiiba kwa binadamu ikae mahali pake, herufi 18 za tRNA zinalala juu ya herufi 18 za RNA ya kirusi tayari kwa kuanzisha uandishi wa DNA. Lakini Gag iko kwenye foleni, imebanwa pande zote na wenzake na kichwa kimefungwa kwenye utando, haiwezi kutembea juu ya RNA. Protiezi ikishakata, NC inakuwa huru, ndipo kazi inamaliziwa.

Kwenye RNA kinabadilika nini hasa?

Kubwa ni muungano wa zile nakala mbili. Kwenye kitanzi cha SL1 kuna herufi sita ambazo zinaweza kushikana na zenyewe zikiwa kwenye nakala nyingine, kwa virusi vya aina C ni GUGCAC, ukiisoma ya pili kwa kinyume utaona kila herufi imepata mwenzake. Mwanzoni nakala mbili zinagusana kwa hizo sita tu, kitanzi kwa kitanzi, muungano dhaifu. NC ikija inalegeza shina la SL1 pande zote mbili, na nusu ya shina la huku inaenda kushikana na nusu ya kule, mwisho wake badala ya herufi sita kuna mshikano mrefu zaidi. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi.

La pili ni kwamba RNA nzima inakusanyika, inabanana pamoja na NC mpaka inaenea ndani ya kapsidi. Uzi wa herufi 9,200 ukiunyoosha ni mrefu kuliko kirusi mara nyingi sana, bila kubanwa usingeingia.

Nguvu ya kufanya hivyo inatoka wapi? NC inatumia ATP?

Haitumii. Swali hili linaulizwa na fomu siksi kila mwaka na ni swali zuri. NC haisukumi RNA kwenda mahali ambapo isingependa kwenda, inapunguza tu kizuizi cha njiani. Umbo la mwisho ndilo tulivu zaidi, RNA peke yake ingelifikia ila ingechukua muda mrefu mno.

Protiezi inakata popote tu au kwa mpangilio?

Kwa mpangilio, na unavutia. Pa kwanza kukatwa ni kati ya SP1 na NC, yaani upande wa RNA unaachiwa mapema kabisa. Baadae inakatwa MA na CA, na SP2 na p6. Pa mwisho wanakatwa NC na SP2, na CA na SP1. Kwa hiyo NC inapita hatua, kwanza inakuwa na mkia mrefu, halafu mfupi, halafu ndiyo p7 yenyewe iliyo nyepesi kushika na kuachia. Ukivuruga mpangilio huu, hata kama mwisho wa siku vyote vimekatwa, unapata virusi vibovu.

Haya yote wamejuaje wakati hayaonekani?

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi ajabu, joto. Unatoa RNA ndani ya virusi taratibu bila kuitenganisha, unaipasha kidogo kidogo unaangalia nakala mbili zinaachana kwenye joto gani. Mwaka 1993 Fu na Rein walifanya hivyo kwa kirusi cha panya, na 1994 wakiwa na Gorelick wakafanya kwa VVU, wakakuta RNA ya virusi visivyo na protiezi inayofanya kazi inaachana kwa joto la chini kuliko ya virusi vilivyokomaa. Hapo ndipo ilipojulikana wazi kwamba RNA nayo inakomaa.

Siku hizi wanatumia kemikali zinazonasa kwenye herufi zilizolegea na kuziacha zilizoshikana, ukisoma alama zilizobaki unapata ramani. Wanaweza pia kuing'oa zinki kwenye NC wakati kirusi kiko kizima kisha kulinganisha ramani ya kabla na ya baada, ndivyo walivyoona ni wapi NC ilikuwa inailegeza RNA.

## Dawa na kliniki

Dawa za kuzuia protiezi zinaua virusi?

Haziui. Seli yenye maambukizi inaendelea kutoa virusi, lakini vinatoka na kubaki vibichi. Gag haikatwi inavyotakiwa, kapsidi haijengeki, NC haiachiwi, RNA inabaki na ule muungano dhaifu, na kirusi hicho hakina uwezo wa kuambukiza seli nyingine. Kundi hili ndiko ziliko lopinavir na atazanavir, zinaenda pamoja na ritonavir ya kuzipa nguvu, na ya kwanza kuidhinishwa Marekani ilikuwa saquinavir Desemba 1995.

Ndio maana huwa nasisitiza kumeza kila siku bila kuruka. Seli ambazo DNA ya kirusi imeshajipachika bado zipo, dawa ikishuka mwilini virusi vinavyotoka siku hiyo vinakomaa kama kawaida.

Mimi natumia TLD, humo kuna ya protiezi?

Hamna. TLD ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir, mbili za mwanzo zinazuia uandishi wa DNA na ya tatu inazuia DNA isijipachike. Dawa za protiezi wengi wanakutana nazo wakibadilishiwa mstari wa pili, yaani dawa za mwanzo zikishindwa. Sio kwamba TLD ni dhaifu, zinafunga mlango tofauti.

Kama NC ni muhimu hivyo mbona hakuna dawa ya kuizuia?

Zimejaribiwa kwa miaka mingi, hasa za kung'oa zinki, na hakuna iliyoidhinishwa kuwa dawa. Shida ni kwamba binadamu naye ana protini nyingi mno zenye vidole vya zinki, kemikali ikiwa kali kwa NC mara nyingi inaumiza na za kwetu. Ila kemikali hizo zina matumizi mengine, virusi vilivyong'olewa zinki vinakufa huku ngozi yao ya nje ikibaki salama, ni nyenzo nzuri ya maabara.

Kapsidi je?

Hiyo imepatikana, lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Inanata kwenye CA na kuvuruga kapsidi hatua kadhaa, ikiwemo inavyojengwa. Iliidhinishwa Marekani 2022 kwa matibabu na Juni 2025 kwa kinga, baada ya utafiti wa Afrika Kusini na Uganda ambapo hakuna msichana hata mmoja aliyechomwa sindano hiyo aliyepata maambukizi kipindi cha utafiti. Habari njema kama hii sijaisikia muda mrefu kwenye fani hii.

Mwanangu kaandikiwa vidonge vya zinki vya kuharisha na mimi nina VVU, havitavilisha virusi?

Mama, mpe mtoto dawa aliyoandikiwa. NC inashika zinki kwa nguvu mno, kiasi kidogo tu kilichopo kwenye seli siku zote kinaitosha, kwa hiyo kuila zaidi au kuipunguza hakubadilishi kazi yake. Vile vile usiache maharage au nyama kwa sababu hiyo.

## Ya kwetu huku

Tunasikia Mbeya kuna aina C, A na D, inahusiana vipi na umbo la RNA?

Inahusiana sana. Huku kusini aina C ndiyo imetawala, lakini A na D zipo pia. Miaka ya 2000 mwanzoni watafiti walifuatilia wanawake wanaofanya kazi baa mkoani Mbeya wakakuta virusi vingi ni mchanganyiko wa aina hizo, na baadhi ya wanawake walikuwa na aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Ili virusi vichanganyike lazima RNA mbili tofauti ziingie kirusi kimoja, yaani zishikane kwanza pale SL1. Sasa A na C zote zina zile GUGCAC, zinashikana vizuri tu. D ina GCGCGC, ikikutana na C baadhi ya herufi hazipati wenza. Kuna jaribio la maabara lililotumia aina B, ambayo ina GCGCGC kama D, likakuta B na C zinachanganyika kidogo kuliko kawaida kwa sababu hiyo hiyo. Kidogo haina maana hakuna, michanganyiko ya C na D ipo. Lakini mimi nikitazama ramani za virusi vya Mbeya huwa nakumbuka zile herufi sita.

Utofauti huu ni sehemu ya sababu chanjo imekuwa ngumu. Mbeya imeshiriki majaribio ya TaMoVac na baadae PrEPVacc, hili la mwisho likasimamisha uchanjaji mwishoni mwa 2023 kwa kuwa hakukuwa na dalili ya kuzuia maambukizi. Waliojitolea kushiriki wanastahili heshima kubwa.

## Maswali magumu

Kapsidi ikijengeka vizuri lakini RNA ikabaki nje?

Inatokea. Integrezi, enzaimu inayopachika DNA, nayo inashika RNA wakati wa kukomaa, iligunduliwa 2016. Kuna kemikali zinazoifanya integrezi zishikane zenyewe kwa zenyewe, na matokeo yake ni koni tupu huku RNA na NC vikiwa vimetupwa pembeni. Kirusi hicho hakifai kitu. Kwa hiyo NC sio peke yake, ila kwenye kufumua na kusuka ndiyo kuu.

Kirusi kinaweza kuwa sugu kupitia sehemu hizi?

Ndio. Usugu wa dawa za protiezi hauko kwenye protiezi tu, kuna mabadiliko kwenye Gag yenyewe pale inapokatwa. Linalojulikana sana linaitwa A431V, liko pale NC inapoungana na SP2, linafanya pale pakatike kirahisi hata protiezi ikiwa imechoka. Angalia ni moja ya zile sehemu zinazokatwa mwisho.

Virusi vyote vinafanya hivi? Korona je?

Hapana. Korona ina RNA ya herufi karibu 30,000 na protini yake N inaishika na kuibana, lakini haikatwi na protiezi baada ya kutoka kama VVU. Hata ndani ya ukoo wa VVU kuna virusi vinaitwa foami ambavyo Gag yao haikatwi sana na haina vidole vya zinki, na vinaishi.

NC inaendelea na kazi baada ya kuingia seli mpya?

Inaendelea. Uandishi wa DNA una hatua za kuruka kutoka ncha moja ya RNA kwenda nyingine na mikunjo inazuia, NC inaifumua. Tafiti za kuanzia 2020 zinaonyesha kapsidi inaingia mpaka ndani ya kiini cha seli ikiwa nzima au karibu nzima, kwa hiyo NC na RNA vinakaa pamoja muda mrefu kuliko ilivyofikiriwa zamani.

Nikipima wingi wa virusi, vile vibichi visivyoambukiza vinahesabiwa?

Vinahesabiwa. Kipimo kinahesabu RNA kwenye damu, hakijui kama kirusi kimekomaa au la. Lakini kwa anayetumia dawa ya protiezi vizuri, virusi vibichi haviingii seli mpya, seli za zamani zinazovitoa zinakufa moja moja, na vilivyopo kwenye damu vinasafishwa haraka na mwili, kwa hiyo namba inashuka yenyewe. Ikikaa juu wakati unameza kila siku, mwambie nesi wa CTC akufanyie mpango wa kuangalia usugu, usisubiri miadi ijayo.